Tulimwacha Derrick Henry aondoke bure, tulikosea?

"Kocha habari za kazi. Mimi nipo Nashville tangu 2014, mpira wa huku wa Kimarekani nilikuwa siuelewi kabisa mpaka nilipomwona Derrick Henry, yule jamaa ndo alinifanya niwe shabiki wa Titans, timu ya hapa. Sasa kila Jumapili nyumbani ni ugomvi. Shemeji yangu anasema uongozi wetu ulikuwa wa hovyo, mwaka 2023 Henry ana miaka 29, timu imeshajifia, wangemuuza wapate chochote, wao wakamng'ang'ania mpaka mkataba ukaisha akaenda zake Baltimore bure, na msimu wa kwanza tu akakimbia yadi 1,921. Mimi namwambia ng'ombe hazeeki maini, kosa siyo kutomuuza, kosa ni kumwachia aondoke. Nani yuko sahihi? Na timu inajuaje kwamba ranibeki wake, yaani mbeba mpira kama Henry, ameshachoka na wakati wa kumtoa umefika? Nauliza pia kwa sababu mwanangu wa miaka 16 anacheza nafasi hiyohiyo shuleni, kocha wake anampa mpira mara 25 mpaka 30 kila Ijumaa, Jumamosi goti linavimba, anakunywa dawa ya maumivu linatulia. Isije ikawa na yeye anazeeka kabla ya siku zake."

Nzuri ndugu yangu, na pole kwa ugomvi wa Jumapili, kwangu pia upo ila sisi tunagombania timu nyingine. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja. La goti la kijana nimeliweka mwisho kwa sababu linataka majibu yake peke yake, lakini ukiwa na haraka ruka yote haya nenda huko chini kwanza, Henry atasubiri.

Nikisoma ulivyoandika naona wewe na shemeji wala hamgombani kuhusu uongozi, mnagombania zile yadi 1,921. Yeye anaona zingeuzwa, wewe unaona zingebaki Nashville. Mimi nimefundisha maranibeki wa hai skuli huku Ohio miaka tisa na nimekesha kwenye video za mechi kuliko mke wangu anavyopenda, na nakwambia zile yadi hazikuwahi kuwa zenu. Mlichopoteza kipo, ila ni kidogo kuliko mnavyodhani, na kilishaanza kupotea kabla hata ya huo mwaka 2023.

Kwanza hilo neno "kumuuza". Sisi tuliokulia kwenye soka tunalo kichwani, Simba au Yanga ikimwachia mchezaji klabu ya nje inaleta hela, hela zinaingia benki, stori imeisha. NFL, ligi ya mpira huu, haiendi hivyo. Huku ni tredi, yaani kubadilishana, unatoa mtu unapokea mtu, au unapokea piki, ile haki ya kuchagua kijana kwenye drafti ya mwaka fulani. Drafti ina raundi 7. Piki ya raundi ya kwanza ni dhahabu, ya pili na ya tatu bado ni mali, ukifika ya sita na ya saba unanunua bahati nasibu. Na mchezaji akiondoka anaondoka na mkataba wake, timu mpya ndo inaendelea kumlipa, kwa hiyo anayemtaka haulizi tu huyu jamaa ni mzuri kiasi gani, anauliza tutambeba kwa shilingi ngapi na mpaka lini.

Halafu kuna pesa mfu. Kila timu ina ukomo wa mishahara uleule, mwaka 2024 ulikuwa dola milioni 255.4, huwezi kupita hata kama mwenye timu ni tajiri wa kutisha. Ili kujibana ndani ya huo ukomo timu inampa mchezaji bonasi kubwa mkononi siku ya kusaini, lakini kwenye vitabu inaigawanya kwa miaka ya mkataba. Chukulia bonasi ni milioni 20 kwa miaka minne, kila mwaka vitabu vinaandika milioni 5. Ukimtredi baada ya miaka miwili zile milioni 10 zilizobaki haziendi naye, zinakuangukia wewe, unamlipia mtu ambaye Jumapili anakukimbilia wewe mwenyewe. Ndo maana utasikia mashabiki wanapiga kelele "mtoeni huyu mzee" na meneja mkuu, yule anayesajili na kuacha wachezaji, yuko kimya, siyo kwamba haoni, anapiga hesabu. Dallas walimpa Ezekiel Elliott mkataba wa miaka sita wa dola milioni 90 mwaka 2019, Machi 2023 akiwa na miaka 27 wakamkata tu, hakuna piki, hakuna mchezaji, hakuna kitu.

Haya, uzee. Na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo penye kutoelewana kwingi. Ranibeki akiwa na miaka 28 watu wanaongea kama vile ni babu, wakati kotabeki, yule mrusha pasi, wa miaka 28 anaambiwa ndo kwanza anaanza kuuelewa mchezo. Kwa nini? Angalia kazi yenyewe. Ranibeki anapokea mpira yadi kama sita nyuma ya laini, ile safu ya majitu yanayomfungulia njia, mbele yake kuna miili ya kilo 140 inasukumana, ana chini ya sekunde moja kuona tundu lipo wapi, anapanda mguu, anakata, anaingia. Na karibu kila safari inaisha kwa namna moja, kugongwa. Mara nyingine anagongwa na watatu, wa kwanza anashika miguu, wa pili anakuja kifuani, wa tatu anadondoka juu ya kifundo cha mguu wakati yeye ameshalala. Wapokeaji wa pasi wanagongwa pia, lakini siyo mara 300 kwa msimu.

Goti lina gegedu, ile nyama ngumu yenye utelezi inayofunika ncha za mifupa isisagane, na gegedu halina damu ya kutosha kujiponya kama msuli unavyojiponya. Linachakaa, basi. Kano zinapoteza mvutano kidogo kidogo. Kijana wa miaka 22 akigongwa Jumapili, Jumatano ni mzima, wa miaka 29 Jumatano ndo anaanza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Na kinachoondoka cha kwanza wala siyo ile mbio ndefu mnayoiona kwenye TV, ni hatua tatu za mwanzo. Ranibeki mzee bado anaweza kukimbia yadi 60 akipata uwanja mweupe, tatizo ni kwamba lile tundu alilokuwa analipita anafika limeshafungwa, amechelewa kwa kupepesa jicho moja tu.

Mfano unao hapohapo Nashville, Eddie George, ranibeki wenu wa zamani, na kama shemeji yako ni wa siku nyingi atamkumbuka. Mwaka 2000 alipewa mpira mara 403, timu nzima ilikuwa juu ya mabega yake. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 28 hivi na mguu unamsumbua, alikimbia mara 315 akapata yadi 939, haifiki hata yadi 3 kwa kila safari. Jina lilelile, jezi ileile namba 27, moyo uleule, maana yule bwana hakuwahi kukosa mechi hata moja akiwa na Titans. Julai 2004 wakamwachia, akaenda Dallas akapata yadi 432, akamaliza. Hakuna aliyewahi kuleta piki nzuri kwa ajili yake kwa sababu kila mtu alikuwa anaona.

Sasa wewe utaniambia, lakini Henry je? Na Frank Gore je, aliyecheza mpaka miaka 37 akamaliza na yadi 16,000 kamili? Ndugu yangu, hao ng'ombe wenye maini yasiyozeeka tunawaona kwa sababu bado wapo zizini. Waliochinjwa hatuwahesabu. Shaun Alexander alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2005 na tachdauni (mabao ya kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 27 za kukimbia, msimu uliofuata mfupa wa mguu ukavunjika, 2008 Seattle wakamkata. Todd Gurley alisaini nyongeza ya dola milioni 57.5 mwaka 2018, goti likaanza kusumbua, Machi 2020 akaachwa akiwa na miaka 25. Hata sijataja waliocheza misimu miwili wakapotea na wewe hujui majina yao. Kwa hiyo ukiwa meneja mkuu huwezi kupanga bajeti kwa kuamini wako atakuwa kama Gore.

Henry mwenyewe ana sababu zake. Kwanza mwili, karibu kilo 112 na urefu unaokaribia mita 1.9, anayemgonga naye anaumia, ule mkono wake wa kusukuma umeshawalaza watu wazima kama watoto. Ile mbio ya yadi 99 dhidi ya Jacksonville Desemba 2018 kaitazame tena, hesabu mabeki wangapi wanasukumwa uso kwa mkono mmoja. Pili, miaka yake miwili ya mwanzo hakutumika sana, DeMarco Murray ndo alikuwa anabeba mzigo, Henry akakimbia mara 110 halafu 176. Halafu ndo ikaja mvua, 303, 378, na 2021 safari 219 kwa mechi 8 tu mpaka mfupa wa mguu ukavunjika. Hebu fikiria hiyo, mechi 8. Kwa jumla aliwakimbilia Titans mara 2,030. Meneja yeyote mwenye akili timamu akiona hiyo namba na kuona miaka 29 lazima atokwe na jasho.

Turudi kwenye zile yadi 1,921, na hapa ndo nawaudhi wote wawili. Msimu wake wa mwisho kwenu, 2023, Henry alikimbia mara 280 akapata yadi 1,167, wastani wa yadi nne na kidogo. Msimu uliofuata yeye kwa Ravens, timu ya Baltimore, alipata karibu yadi 6 kwa kila safari. Kaongeza mwaka mmoja wa umri na kaongeza karibu yadi mbili. Miguu haiwi mipya kwa kuhamia Baltimore. Sasa angalia upande wenu, nafasi yake mlimsajili Tony Pollard, kijana kwake kwa miaka mitatu, mwaka huohuo 2024 akakimbia mara 260 akapata yadi 1,079. Piga hesabu mwenyewe, nne na kidogo ileile! Shamba lilikuwa lilelile na mavuno yakawa yaleyale, aliyebadilika ni mkulima tu.

Kilichotokea Baltimore kinaonekana kwenye video bila kuwa mtaalamu. Lamar Jackson, kotabeki wao, anasimama na Henry ubavuni, mpira unawekwa tumboni mwa Henry lakini Lamar bado kaushika, macho yake yako kwa mtu mmoja wa difensi, yaani wa ulinzi wa wapinzani, wa pembeni ambaye wamemwacha makusudi bila kumzuia. Yule akimfuata Henry, Lamar anauchomoa anazunguka nao nje, na Lamar ukimwachia nafasi umekwisha. Akibaki kumsubiri Lamar, Henry ameshapita. Kwa hiyo yule mtu anasita, nusu sekunde tu, na kumbuka nilichosema kuhusu ranibeki mzee kuchelewa kwa kupepesa jicho moja. Kule Baltimore hilo jicho moja anarudishiwa na kotabeki. Nashville mwaka 2023 hakuna aliyekuwa anaiogopa pasi yenu, wapinzani walijaza watu karibu na laini wakamsubiri, na yeye akaenda kuwagonga tu kwa heshima.

Ndo maana mtu akiniuliza kama timu imtredi ranibeki wake anayezeeka mimi huwa namuuliza kwanza, nyie mnaenda wapi? Timu yenye laini nzuri na kotabeki wa kutisha, inayotaka ubingwa mwaka huu, imbakize, hata imnunue wa jirani. Timu inayojenga upya haina cha kufanya na ranibeki wa miaka 29, kwa sababu siku laini itakapokuwa tayari na kotabeki kijana ameiva, yeye atakuwa nyumbani anakula pensheni. Unakaa na samaki mbichi wakati jiko halijajengwa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Oktoba 1989. Dallas walikuwa wabovu kupindukia, msimu ule walimaliza na ushindi 1 na vipigo 15. Walikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, ranibeki Herschel Walker, miaka 27. Kocha Jimmy Johnson akaona hiki kitu kimoja chema hakitutoi hapa, bora nikibadilishe viwe vingi. Minnesota wao walijiona wamebakiza mtu mmoja tu wafike Super Bowl, fainali ya ligi, wakatoa wachezaji watano na rundo la piki. Na ujanja ulikuwa hapa, kila mchezaji aliyekuja Dallas alikuwa amefungwa na piki, Dallas wakimwacha wanaichukua piki. Minnesota walidhani Dallas wanawataka wachezaji, kumbe jamaa anazitaka zile piki. Kutokana na huo mgodi Dallas wakapata njia ya kumchukua Emmitt Smith mwaka 1990, wakachukua ubingwa mara tatu ndani ya miaka minne. Walker mechi yake ya kwanza Minnesota alikimbia yadi 148, uwanja mzima ukaona wamelamba dume, baada ya hapo haikuwa hivyo tena, ubingwa hawakuuona.

Ila usije ukadhani Dallas walikuwa wachawi. Huyohuyo Emmitt, mwenye rekodi ya yadi nyingi kuliko wote mpaka leo, 18,355, walikaa naye mpaka akavunja rekodi Oktoba 2002, halafu miezi michache baadaye wakamkata bila kupata hata piki ya raundi ya saba, akaenda kumalizia Arizona. Waliojua kumtoa Walker hawakuweza kumtoa Emmitt. Siwalaumu, kuna wachezaji ambao timu haiwezi kuwatoa bila mji kuwaka moto, na heshima nayo ina bei yake hata kama haiandikwi kwenye vitabu vya ukomo wa mishahara.

Na bei ndo jambo ambalo shemeji yako analikuza. Oktoba 2022 Carolina walimtredi Christian McCaffrey kwenda San Francisco, wakapata piki za raundi ya pili, ya tatu na ya nne, na ya tano ya mwaka uliofuata. Tredi nzuri kwa pande zote, lakini McCaffrey alikuwa na miaka 26, anakimbia na anapokea pasi, na ana miaka kwenye mkataba. Upande wa pili mchukue Adrian Peterson, Oktoba 2017, miaka 32, mtu aliyewahi kukimbia yadi 2,097 kwa msimu mmoja. Saints walimtoa kwa piki ya raundi ya sita, nayo ya masharti! Mechi ya kwanza Arizona akakimbia yadi 134 na tachdauni mbili, watu wakacheka kwamba Saints wameibiwa, msimu haukuisha shingo ikamtoa uwanjani. Henry wa 2023 alikuwa kati ya hao wawili, miaka 29, mkataba unaisha baada ya miezi michache. Mimi kwa makadirio yangu mngepata raundi ya nne, mkibahatika sana ya tatu. Na mnunuzi naye anajiuliza, kwa nini nitoe piki Oktoba wakati Machi nampata bure? Ravens walingoja, wakampata kwa miaka miwili ya dola milioni 16 bila kutoa piki hata moja.

Sasa hukumu yangu kuhusu Titans. Dirisha la kweli lilikuwa masika ya 2023. Msimu wa 2022 mlianza na ushindi 7 na vipigo 3, halafu mkapoteza mechi saba mfululizo, meneja mkuu akafukuzwa Desemba. Henry alikuwa ametoka kukimbia yadi 1,538 na mkataba ulikuwa umebaki mwaka mmoja. Hapo ndo pa kumtredi. Na mimi kosa kubwa zaidi naliona nyuma kidogo, Aprili 2022, usiku wa drafti, mlipomtoa A.J. Brown kwenda Philadelphia, mpokeaji wa miaka 24, mkambakiza ranibeki wa miaka 28. Mliuza ndama mkabaki na ng'ombe mzee, halafu mkashangaa maziwa yamekwenda wapi. Brown alikuwa mmoja wa watu waliofanya difensi zisijazane mbele ya Henry!

Oktoba 2023 naielewa zaidi. Beki Kevin Byard mlimtredi tarehe 23, ilionekana duka linafungwa. Halafu tarehe 29, siku mbili kabla ya dedilaini ya tredi, kotabeki wenu mpya Will Levis akaanza mechi yake ya kwanza dhidi ya Atlanta akarusha tachdauni nne. Nambie ni meneja gani anaamka Jumatatu baada ya hiyo anamtoa Henry. Matumaini yalirudi, ya uongo lakini yalirudi, mkamaliza na ushindi 6 na vipigo 11. Ligi ina fidia ya piki kwa timu inayopoteza mchezaji huru, lakini ukisajili wachezaji huru wa bei za aina hiyo inafutana, na nyie Machi 2024 mlisajili kina Calvin Ridley na Pollard. Kwa hiyo shemeji ana haki, mngepata kitu na hamkupata kitu. Ila hicho kitu ni piki moja ya raundi ya nne. Na wewe ulipata Januari 7, 2024, mechi ya mwisho, yadi 153, Jaguars wa Jacksonville wakanyimwa mtoano mbele ya uwanja wenu, halafu jamaa akashika maiki akawashukuru mashabiki. Muulize shemeji kama yeye angetaka kubadilisha hiyo siku na kijana wa raundi ya nne ambaye pengine angeshakatwa. Hilo sitawaamulia.

Umeuliza pia timu inajuaje. Achana na jumla ya yadi, hiyo inachelewa kukwambia. Mimi naangalia yadi anazopata baada ya kuguswa, kama zamani mtu mmoja alikuwa hamwangushi na sasa anaangushwa kwa kushikwa kiatu, hiyo ni taarifa. Naangalia anapokata, anapanda mguu mara moja au anachukua vihatua vidogo viwili kujiandaa, maana mwili unaoogopa goti lake huwa unajiandaa. Naangalia dauni ya tatu, jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, kama kocha ameanza kumtoa asizuie wanaomvamia kotabeki, makocha wanajua kabla yetu. Na mazoezini, anafanya siku ngapi kwa wiki. Ukiona matatu kati ya hayo kwa pamoja, soko nalo limeshayaona, umechelewa.

Kwa mwanao sasa. Hapa naacha utani kabisa. Mimi ni kocha, siyo daktari, na goti haliangaliwi kwa maandishi. Kijana wa miaka 16 hazeeki, kama goti linavimba kila Jumamosi basi kuna kitu ndani kinaumizwa kila Ijumaa, inaweza kuwa kidogo, inaweza kuwa gegedu au ile pedi ya ndani ya goti imechanika. Akiwa bado anarefuka kuna na sehemu za mifupa zinazokua, hizo zikiumia ni habari nyingine. Dawa ya maumivu haiponyi chochote hapo, inazima king'ora na moto unaendelea, kwa hiyo asicheze kwa kidonge, hata kama ni mechi kubwa, hata kama yeye mwenyewe analia anataka kucheza.

Mpeleke kwa daktari wa michezo wiki hii. Mwanao akikwambia goti linakwama halinyooki, au linamkimbia akiwa anatembea, au limevimba ghafla ndani ya saa chache baada ya kujipinda, au hawezi kuukanyagia mguu, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo. Na akigongwa kichwa akawa anarudia maswali, anatapika au taa zinamuumiza macho, hachezi tena mpaka mtaalamu wa afya amruhusu. Zungumza na kocha pia, kwa adabu, mwambie "kocha, naomba tugawane mzigo", na umuulize kama anamchezesha difensi juu ya hizo safari 30, maana wengi wanafanya hivyo na wazazi hatujui. Kocha mzuri hatakasirika. Akikasirika umeshapata jibu.

Ukienda kwa daktari nenda na daftari, andika kila Ijumaa kabeba mpira mara ngapi, uvimbe ulianza saa ngapi, uliisha siku gani, alikunywa dawa gani. Mimi kijana wangu mmoja tuligundua tatizo lake kwa daftari kama hilo, mama yake ndo aliandika. Shule nyingi za huku zina treina wa wanamichezo, yule anayeshughulikia majeraha yao, kumwona hulipii chochote, Jumatatu asubuhi piga simu ofisini uulize anapatikana saa ngapi.